Gofu la Ng'ambo na Gofu la Nyumbani



Wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa. Leo twapenda kusema waziwazi juu ya utumwa mmoja ambao haumfungi mtu pingu, bali humvika kofia nyeupe na glavu ya mkono mmoja, kisha humpandisha ndege.

Wapo wenzetu, watoto wa Kigoma na Ujiji waliosoma na kufanikiwa, ambao siku hizi wana shughuli kubwa: kupanga safari ya ng'ambo pamoja na marafiki ili wakacheze gofu. Mwaka mzima wanachanga. Wana mwenyekiti, wana katibu, wana mweka hazina. Nauli zimelinganishwa, viza zimeombwa, na ubishi umekwisha kuwa mrefu kama waende Dubai, Afrika Kusini, au Scotland ulikokulia mchezo wenyewe. Anayechelewesha mchango hukumbushwa asubuhi na jioni. Twawasifu kwa jambo moja: wanajua kupanga. Na kwa sababu hiyo hasa hatuwezi kuwanyamazia.

Hatusemi gofu ni haramu. La hasha! Enzi za mkoloni Mwafrika aliingia katika kiwanja cha gofu ili abebe mfuko wa fimbo nyuma ya bwana na kuutafuta mpira wake majanini. Mashimo yote 18 aliyajua kwa nyayo zake, lakini klabuni hakukaribishwa kuketi. Leo Mtanzania anacheza Gymkhana ya Dar es Salaam, anacheza Arusha, anacheza kiwanja cha jeshi cha Lugalo, na fimbo ni yake. Hilo ni tunda la Uhuru. Na mchezaji anayekwenda ng'ambo kushindana kwa jina la Taifa, huyo twampigia makofi.

Tunayemsema ni mwingine. Muulizeni huyo bwana: Gombe umefika lini? Hajafika. Mahale je? Ameiona katika picha, nayo ilipigwa na mgeni. Ujiji kwa mama? Hapo atasema nauli ni kubwa na njia ni ndefu. Nauli ya Kigoma imekuwa kubwa, ya Scotland imekuwa ndogo!

Ajabu ni kwamba watu wa ng'ambo nao walipanga safari, wakaja kwetu. Burton na Speke walifika Ujiji mwaka 1858. Mwaka 1871 Stanley alikuja kumtafuta Livingstone, na gharama yake ililipwa na gazeti la New York. Wajerumani waliunda meli kwao Papenburg mwaka 1913, wakaifungua vipande vipande, wakaitia katika masanduku, na ikaunganishwa tena hapa Kigoma. Ndiyo Liemba. Mwaka 1960 alikuja Jane Goodall, binti wa miaka 26, akaketi Gombe kuwatazama sokwe, na dunia nzima ikapajua. Wote hao waliona kwamba ziwa hili lastahili safari. Mwenye ziwa ndiye asiyeona!

Tena siku hizo mizigo ya misafara ya Ujiji na Bagamoyo ilikuwa mabegani mwa babu zetu. Babu alibeba mzigo wa mwingine, baba akabeba mfuko wa gofu wa mwingine. Mjukuu amepata mfuko wake mwenyewe, na safari yake ya kwanza ni kuupeleka fedha zake kwa wale wale. Je, hayo ndiyo maendeleo?

Na tusidanganyane kwamba nyumbani hakuna haja. Liemba ilipoacha safari zake mwaka 2018, wananchi wa vijiji vya mwambao, ambako barabara ni shida au hakuna, walibakiwa na maboti ya mbao juu ya ziwa lenye kina cha mita 1,470. Mama mjamzito alipanda boti hilo. Mwanafunzi alipanda boti hilo. Mwaka 2024 ziwa lilifungwa kwa uvuvi tangu tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti, ili samaki wapate kuzaana. Jambo hilo lilikuwa na sababu yake, lakini kwa miezi mitatu mvuvi wa dagaa na mama muuza migebuka walipaswa kutafuta riziki nyingine. Kama kila kundi la marafiki wenye uwezo lingekuja kulala Kigoma siku nne tu, kukodi boti, kula na kununua sokoni, riziki hiyo ingekuwa imewafuata mlangoni.

Asiseme mtu kwamba michezo haiwezi kuwaleta watu huku mwisho wa reli. Tarehe 25 Julai 2021 Simba na Yanga zilicheza fainali ya Kombe la Shirikisho katika uwanja wa Lake Tanganyika, hapa hapa Kigoma, na mashabiki wakafunga safari kutoka mikoa ya mbali. Hakuna aliyelalamika kwamba njia ni ndefu.

Kiswahili chetu kina neno gofu tangu zamani. Maana yake ni nyumba iliyohamwa, paa limeanguka, popo wamehamia. Basi ndugu, angalieni: anayekimbilia gofu la ng'ambo asije akaacha gofu nyumbani.

Twapendekeza mambo mawili. Kwanza, kila kundi linalopanga safari ya ng'ambo litangulie kupanga safari moja ya Ziwa Tanganyika, kwa mweka hazina yule yule na ukali ule ule wa kudai michango. Pili, katika kila shilingi kumi zinazochangwa kwa gofu, moja inunue majaketi ya kuokolea maisha kwa maboti ya abiria. Hiyo si sadaka. Ni deni la mtoto kwa maji yaliyomlea.

Mkisha kufanya hayo, nendeni Scotland kwa amani, mkapige mipira hiyo mpaka mchoke. Na mwenyeji wenu akiwauliza mnatoka wapi, mtakuwa na la kumweleza.

Uhuru na Kazi!