Sheria ya Angani Iwe Lango, Isiwe Ukuta

Bila shaka unaikumbuka siku yetu ya michezo mwaka jana. Kijana mmoja aliyesoma hapa zamani alikuja na droni, kile kindege kisicho na rubani, akataka kutupiga picha kutoka juu. Tulishangilia kweli kweli! Kabla hajakirusha, mwalimu mmoja alimwita kando akamwuliza, "Kijana, una kibali?" Jamaa akakuna kichwa, akakirudisha kindege mkobani. Uwanja mzima ukazomea. Hata mimi nilizomea. Leo nakiri kwamba nusu tulikosea, na nusu tulikuwa na haki.

Hebu tuanze na kosa letu. Matatu ikiharibika pale Juja, dereva huegesha kando, naye makanga akatutafutia gari jingine. Angani hakuna kando ya barabara. Mwezi wa Machi 2024, ndege mbili zilizotoka uwanja wa Wilson ziligongana juu ya Mbuga ya Taifa ya Nairobi. Ile kubwa ilirudi salama, lakini watu wawili waliokuwa katika ile ndogo, mwanafunzi wa urubani na mwalimu wake, walifariki. Hao walikuwa na mafunzo, redio na waongozaji. Sasa fikiria kila mtu wa Thika na Ruiru arushe droni yake apendavyo. Kanuni zinakataza droni kupita futi 400 kwenda juu ili ndege zenye watu zibaki na nafasi yao. Wahenga walisema haraka haraka haina baraka.

Lakini wahenga hao hao walisema ngojangoja huumiza matumbo! Hapa ndipo tulipokuwa na haki ya kuzomea. Rwanda ilianza kupeleka damu hospitalini kwa droni kutoka Muhanga mwezi wa Oktoba 2016. Wakati huo sisi hatukuwa hata na kanuni za droni. Zilipotoka mwaka 2017, Bunge likazifuta mwaka 2018. Kanuni tulizo nazo sasa ni za mwaka 2020. Miaka hiyo yote, mwenye ujuzi wake alikuwa amekunja mikono. Jambo la kushangaza ni kwamba kilichomzuia hakikuwa ukali wa sheria. Kilichomzuia ni kwamba sheria yenyewe haikueleweka iko wapi.

Hata huko juu zaidi mambo ni hayo hayo. Kuanzia mwaka 1967, Waitaliano walirusha setilaiti kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Moja yao, iliyokuwa ya Marekani, ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970, siku ya sherehe zetu, ikaitwa Uhuru. Ndiyo iliyokuwa setilaiti ya kwanza duniani kutengenezwa mahususi kuchunguza eksirei za angani. Jina ni letu, bahari ni yetu, ila kazi ilikuwa ya wengine. Jukwaa hilo halijarusha kitu tangu 1988, na Shirika la Anga za Juu la Kenya liliundwa mwaka 2017 tu. Setilaiti yetu Taifa-1 ilirushwa Aprili 2023 kutoka California. Sisemi sheria peke yake ingetujengea roketi, la hasha! Fedha na wataalamu pia vinahitajika. Lakini nyumba isiyo na mwenyewe haijengwi.

Basi tufanyeje? Jibu liko hapa karibu. Kituo cha utafiti wa kahawa cha Ruiru kilitoa aina ya kahawa iitwayo Ruiru 11 mwaka 1985, inayostahimili magonjwa yaliyokuwa yakiwamaliza wakulima. Haikutupwa tu shambani. Ilijaribiwa kwanza kwa miaka. Wala haikufungiwa kabatini kwa kuogopwa. Sheria ya angani inafaa iwe kama kitalu cha miche: kuna uzio, lakini ndani mche unamwagiliwa maji.

Kanuni za sasa zinataka mwenye droni awe ametimiza miaka 18. Nakubali. Mimi mwenyewe singemwamini mwanafunzi wa kidato cha kwanza na kitu kama hicho. Lakini tutajifunza lini? Naomba Mamlaka ya Usafiri wa Anga iweke kibali cha shule, cha ada nafuu, ili tufunzwe uwanjani mwetu chini ya mwalimu aliyehitimu. Anayefunzwa sheria akiwa mdogo hataivunja akiwa mkubwa.

Nasi wanachama wa Chama cha Kiswahili tuna kazi. Kanuni hizi zimeandikwa kwa Kiingereza kizito. Mkulima wa Ruiru anayetaka droni ya kupima shamba lake atazisoma vipi? Katiba ya mwaka 2010 inasema Kiswahili ni lugha rasmi. Napendekeza muhula ujao tuzifafanue kwa Kiswahili chepesi, ukurasa mmoja tu, tuubandike ubaoni na tuwapelekee wazazi wetu.

Na yule kijana, akirudi siku ya michezo na kibali mkononi, nitakuwa wa kwanza kumpigia makofi.