UKURASA WA NYUMBANI: Bustani ya Jikoni Ijiandae Kabla ya Kiangazi

Katika wilaya za Mbarara na Isingiro mvua za masika huanza mwezi wa Machi na kupungua mwishoni mwa Mei. Baada yake huja Juni na Julai, miezi ya baridi ya alfajiri na vumbi la mchana. Hapo Kaberebere watu huvaa makoti asubuhi, na wengi hudhani kuwa baridi hiyo ndiyo inayoharibu mboga. Sivyo. Baridi yetu haiui mchicha. Kinachoua ni ukavu wa ardhi. Kwa hiyo bustani haiokolewi Julai, majani yakiwa yamekwisha kunyauka. Huokolewa Mei, udongo ungali na maji.

Jambo hili si dogo. Wakazi wa Isingiro hawajausahau ukame wa mwaka 2016. Katika makazi ya Nakivale, yanayopokea wakimbizi tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, familia zinakumbuka jinsi mgao wa chakula ulivyopunguzwa kwa asilimia 30 mwaka 2020, kisha ukapunguzwa tena mwaka 2021. Nyumba ya askari nayo hungojea mshahara ule ule, hali mboga za sokoni zimeadimika. Watoto wanaokula ugali na maharage miezi mitatu bila majani mabichi hupungukiwa na vitamini na madini ya kujenga damu.

Kazi ya kwanza ni kitalu. Wakati wa mvua tunainua matuta ili maji yasituame. Kwa kiangazi tufanye kinyume. Chimba kitalu kizame kiasi cha shubiri moja, changanya udongo na samadi iliyooza vizuri, na kila tone litabaki penye mizizi.

Kazi ya pili ni kutandaza. Majani makavu ya mgomba yanapatikana kila upande. Yafunike udongo, ila yasiguse shina, maana yataleta uozo na mchwa. Usiyachukue katika shamba lenye ugonjwa wa mnyauko.

Tatu, chagua mboga zenye kustahimili. Mchicha, ambao hapa huitwa dodo na ndugu zetu wa Kongo huuita lengalenga, huanza kuchumwa baada ya wiki tatu au nne. Mnavu, yaani eshwiga, kunde na sukuma wiki pia zinafaa. Miche ya sukuma wiki ihamishwe mapema, ipate kushika mizizi kabla mvua haijakatika.

Nne, tusimwage maji ovyo. Maji yaliyooshea mboga na mchele yaende bustanini. Yenye sabuni kali yasiende. Mwagilia jioni au alfajiri, tena shinani. Kopo moja jioni lina faida kuliko mawili adhuhuri, ambayo jua huyanywa kabla ya mmea. Vidukari wakionekana chini ya majani, nyunyiza majivu ya jikoni, na uyaoshe majani vizuri kabla ya kupika.

Wanaokaa katika kota za jeshi na polisi watasema hawana ardhi. Gunia moja linatosha. Simamisha katikati yake mkebe usio na kitako, ujaze kokoto, na kuuzunguka tia udongo uliochanganywa na samadi. Uvute mkebe juu kidogo kidogo kadiri gunia linavyojaa, mpaka kokoto zisimame kama nguzo. Toboa matundu ubavuni, panda miche humo na juu, kisha mimina maji penye kokoto yaenee ndani yote.

Lipo neno moja tunalolisikia sana kwa wake wa askari: "Nipande ya nini, na uhamisho waweza kuja wakati wowote?" Dada zetu, mchicha hauhitaji hata miezi miwili. Na barua ya uhamisho ikitangulia mavuno, mwachie jirani, au familia itakayoingia nyumba hiyo. Nanyi huko mwendako, huenda mkakuta gunia la kijani mlangoni, lililopandwa na mtu msiyemjua.

Wiki ijayo tutaeleza namna ya kukausha majani ya kunde na kuyahifadhi.