Land Rover Kuukuu Haihitaji Rangi, Inahitaji Breki

Imezuka tabia miongoni mwa wapenzi wa magari ya zamani ambayo yafaa ikemewe mapema. Mtu hununua Land Rover kuukuu, pengine katika mnada wa mali chakavu za serikali, akaipeleka gereji mjini Shinyanga, Kahama au Katoro. Hapo huvuliwa milango, hupigwa msasa, hujazwa puti, kisha hupakwa rangi inayong'aa kama kioo. Mwenyewe hutangaza kwamba amelirudishia gari heshima yake. Tangu wenye Land Rover walipokusanyika kwa wingi mjini Arusha mwezi Oktoba 2024, maneno hayo yamekuwa yakisikika hata huku kwetu. Nasema waziwazi kwamba hiyo si heshima. Ni kumvisha mgonjwa kanzu mpya badala ya kumpeleka kwa mganga.

Kwanza tuelewe gari lenyewe lilivyoumbwa. Land Rover ilipoonyeshwa kwa mara ya kwanza mjini Amsterdam mwaka 1948, Uingereza ilikuwa na uhaba mkubwa wa chuma uliotokana na vita. Kwa sababu hiyo sehemu kubwa ya bodi ilitengenezwa kwa aloi ya alumini, ambayo haishiki kutu kama chuma. Lakini chesisi, yaani uti wa mgongo wa gari, ni ya chuma. Maji na matope ya mbuga huingia ndani yake yakatuama, na kutu ikaila kutoka ndani bila kuonekana. Basi mtu anayemaliza fedha zake kwa kunyoosha na kupaka rangi bodi anatibu kiungo ambacho hakikuwa na maradhi makubwa, huku uti wa mgongo ukiendelea kuoza. Wahenga walikwisha sema: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Pili, tujiulize ni nini kinachofutwa na msasa. Magari haya hayakuja Usukuma kwa ajili ya maonyesho. Yaliwabeba mabwana shamba katika nchi ya pamba, waganga katika safari za chanjo, na wakaguzi wa shule ambazo basi halikuzifikia. Yalipita katika nchi ya Mwadui, ambako almasi ilianza kuchimbwa mwaka 1940, hata nchi ya Geita, ambako mgodi wa zamani wa dhahabu ulifungwa mwaka 1966 na mgodi mkubwa wa sasa ukaanza kuzalisha mwaka 2000. Katika mlango wa gari la namna hiyo pengine bado utaweza kusoma, chini ya rangi iliyofifia, herufi za idara lililoitumikia. Herufi hizo zikipitishiwa msasa, hakuna fundi atakayezirudisha. Atakachoweza kufanya ni kuandika nyingine zinazofanana nazo. Je, nani kati yetu angekichukua kigoda cha mtemi, akakikwangua na kukipaka vanishi, halafu akasema amekihifadhi?

Tatu, na hili ndilo kubwa. Wanaotaka gari liwe kama lilivyotoka kiwandani Solihull wanasahau kwamba huko lilizaliwa tu. Maisha yake limeyaishi hapa. Katika miaka ya shida ya fedha za kigeni iliyofuata vita vya Kagera vya 1978 na 1979, spea zilikuwa adimu. Mafundi wetu walichonga bushi, wakaunga springi, wakachomelea viraka, na walipokosa injini ya petroli wakafunga ya dizeli kutoka gari la kampuni nyingine. Kila kiraka ni ushahidi wa akili na subira ya mafundi hao, ambao majina yao hayakuandikwa popote. Kuking'oa kiraka kilicho imara na kuagiza kipande kutoka Ulaya, kwa hoja kwamba cha kwetu "si cha asili", ni kasumba inayovaa joho la utaalamu.

Watasema kwamba gari lenye madoa na mabonde ni aibu kwa mtu mwenye cheo. Nawakumbusha Peugeot 404 ya Bert Shankland, dereva aliyekuwa na makazi yake nchini kwetu, iliyoshinda mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1966 na tena mwaka 1967. Gari lile lilipata sifa kwa kustahimili matope na mashimo. Aibu ya gari ni kukwama njiani na kuua abiria.

Na hapo nawageukia wa upande wa pili, wasije wakadhani kwamba nimekuja kuwatetea. Wapo wanaojisifu kwamba gari lao halijaguswa, lakini breki haishiki mpaka pedali ikanyagwe mara tatu, na usukani unacheza kama mlango uliong'oka bawaba. Humo hupakia watu na magunia, wakashika njia ya machimboni. Ukiwauliza, hujibu, "Ndivyo lilivyo, ni la zamani." Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 haikusamehe ubovu kwa sababu ya uzee. Ukuukuu wa sura ni historia. Ubovu wa breki ni hatari kwa roho za watu. Asiyeweza kuvitofautisha viwili hivyo hastahili kupewa funguo.

Hata wenzetu wa nje wamelitambua jambo hili. Shirikisho la kimataifa la magari ya kale, FIVA, lilipitisha Hati ya Turin mwaka 2012, inayotanguliza kuhifadhi kilichopo kabla ya kukitengeneza upya, na inayotambua kwamba gari la kale hueleweka vema likiendeshwa. Huko Marekani nako, wenye magari ya nguvu ya miaka ya 1960 hubishana vivyo hivyo, na wengi sasa hulithamini zaidi lile lenye rangi yake ya kwanza, hata ikiwa imebabuka.

Basi utaratibu uwe huu. Shilingi ya kwanza iende kwenye breki, usukani, matairi na chesisi. Ya pili iende kwenye injini na gia. Rangi ipakwe pale tu ambapo chuma kiko wazi na kutu imeanza kula. Watumishi wa serikali mnaosimamia minada, andikeni historia ya kila gari kabla halijauzwa: lilifanya kazi wapi, na katika idara gani. Walimu wa vyuo vya ufundi, wapelekeni vijana kwa mafundi wazee wajifunze namna viraka vile vilivyofungwa, kabla wazee hawajaondoka na ujuzi wao.

Gari lililotumikia umma miaka hamsini halina deni la urembo kwa mtu yeyote. Tuliache na makovu yake, lakini tuhakikishe kwamba likikanyagwa breki linasimama.