Landilodi, Tuwekee Gata

Wasee, leo sina utani. Nataka tuongee kuhusu kitu ambacho kila mpangaji Nairobi ameona na karibu hakuna anayeuliza. Mvua inanyesha usiku kucha. Asubuhi barabara ni mto, mitaro imefurika, viatu vimeharibika. Halafu unafungua mfereji, unatoa hewa. Saa moja asubuhi jamaa wa mkokoteni anapita na mitungi, na sisi tunatoa pesa. Maji yamemwagika juu ya vichwa vyetu usiku mzima, na bado tunanunua maji.

Hiyo si bahati mbaya. Kuna mtu alijenga nyumba, akapiga mabati, akaona hakuna haja ya kuweka gata, ile bati iliyokunjwa ukingoni mwa paa ili maji yaelekee kwa paipu badala ya kumwagika ovyo. Msimamo wangu ni huu: landilodi anayechukua kodi kila mwezi na hakusanyi maji ya paa lake anatubebesha gharama ambayo angeweza kuipunguza. Na kaunti inayopitisha jengo kama hilo inamsaidia.

Ebu tupige hesabu kwanza, ndio mtu asiseme naongea na hasira tu. Milimita moja ya mvua ikianguka kwenye mita mraba moja ya paa ni lita moja. Ni rahisi hivyo. Nairobi, mwaka wa kawaida, hupata karibu milimita 1000, nyingi zikija Machi hadi Mei na tena Oktoba hadi Desemba. Sasa chukua ploti ya mabati kama zile za Kawangware au Kayole: vyumba 10, safu mbili, paa la mita 20 kwa mita 10. Hizo ni mita mraba 200. Toa asilimia 20 kwa maji yanayoruka nje, yanayokauka na yale ya kwanza unayomwaga. Unabaki na lita 160,000 kwa mwaka. Hiyo ni mitungi 8000 ya lita 20. Gawa kwa vyumba 10, kila chumba kina mitungi 800. Tuseme mtungi ni shilingi 20, na mnajua vizuri siku za uhaba bei haibaki hapo. Hizo ni shilingi 16,000 kwa kila nyumba zinazoteremka mtaroni kila mwaka.

Shilingi 16,000. Kwa msee wa kibarua ama mathe anayeuza mboga, hiyo ni karo, hiyo ni kodi ya miezi kadhaa.

Mwaka jana wapangaji wa ploti ninayokaa tulimwomba landilodi kwa grupu ya WhatsApp atuwekee gata na tangi moja. Tuliandika kwa heshima, "Mzee, shikamoo, tuna ombi," yote hiyo. Jibu lake likawa maji ya mvua ni mambo ya ushago, hapa ni tao. Gata haikuja. Miezi miwili baadaye kodi ikapanda.

Mimi sidhani yeye ni mtu mbaya kuliko landilodi wengine. Shida ni kwamba anayelipia tangi si yule anayelipia maji. Tangi ni pesa yake, mtungi ni pesa yetu. Kama hakuna anayemlazimisha na hakuna mpangaji anayehama kwa sababu ya gata, kwa nini ajisumbue? Ndiyo maana hili si jambo la kungoja roho nzuri ya mtu.

Na hiyo hadithi ya ushago tuizike leo. Nenda Fort Jesus pale Mombasa. Wareno walianza kuijenga mwaka wa 1593, na hadi leo utaona birika la kuhifadhi maji ya mvua ndani ya kuta. Huko Kitui watu wamejenga kuta kwenye miamba ili mvua inayoteremka juu ya jiwe ikusanywe, isipotee. Bermuda, kisiwa cha watu wenye pesa zao, hakuna mto wa kutegemea, na sheria inataka nyumba zikusanye maji ya paa na kuyaweka kwenye tangi chini ya nyumba. Tamil Nadu kule India, ambako jiji la Chennai liko, serikali ililazimisha kila jengo liwe na mfumo wa kuvuna mvua mwaka wa 2003. Hakuna mtu ataambia Chennai ni ushago.

Sisi je? Maji mengi ya Nairobi yanatoka bwawa la Ndakaini, Murang'a. Kumaanisha tunangoja mvua inyeshe kwenye milima ya Aberdare, ijaze bwawa, isafishwe, isafiri kilomita nyingi kwa mabomba, mengine yavuje njiani, mengine yaibiwe, halafu yafike kwetu kwa zamu, siku fulani za wiki. Wakati huo wote mvua nyingine imeanguka mita tatu juu ya kitanda chako na imeachwa iende.

Na ikienda haiendi tu kimya. Mvua za Aprili na Mei 2024 ziliua zaidi ya watu 200 nchini. Watu wa Mathare wanajua. Siwezi kusema tangi zingezuia mafuriko kama yale, huo ungekuwa uongo. Lakini kila paa la jiji linalomwaga maji moja kwa moja barabarani linaongeza mzigo kwa mitaro ambayo tayari imejaa takataka. Maji yaliyo ndani ya tangi hayako mlangoni kwa jirani.

Sasa najua majibu yenu. Nimeyasikia.

La kwanza: mvua ni ya msimu, tangi litajaa wiki moja halafu limekauka. Ni kweli huwezi kuhifadhi lita 160,000 kwa ploti. Lakini huhitaji. Usiku mmoja wa mvua ya milimita 30 kwa paa lile la mita mraba 200 unaleta kama lita 4800. Tangi la lita 10,000 linajaa kwa usiku mbili au tatu za namna hiyo, mnatumia, linajaa tena. Miezi ya mvua ni karibu nusu ya mwaka. Kama kwa miezi hiyo unafua, unapiga deki na kuflashi choo bila kununua mtungi, umepunguza bili. Hakuna aliyesema utamaliza shida yote.

La pili: sisi tunaishi kwa ghorofa. Sawa, hapa nakubali kiasi. Jengo la Pipeline lenye nyumba 80 na paa la mita mraba 300 litapata kama lita 240,000 kwa mwaka. Ukigawa, ni lita 3000 kwa kila nyumba, mitungi 150 tu. Haitoshi maisha. Lakini inaosha ngazi na kusaidia vyoo, na hayo ni maji ambayo sai yanatoka kwa mfereji uleule tunaougombania. Ghorofa ina sababu ndogo zaidi kuliko ploti, lakini haina sababu ya kutofanya kitu.

La tatu: ni kazi ya serikali kutuletea maji. Kabisa! Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inasema kila mtu ana haki ya kupata maji safi na salama ya kutosha. Usiache kuidai hata siku moja. Lakini kudai maji ya bomba hakukukatazi kudai gata. Ukidai kimoja tu, wale wengine wanapumzika.

La nne ndilo zito: maji ya paa ni machafu. Hapa tusidanganyane, kwa sababu mtu anaweza kuugua. Paa lina vumbi, mavi ya ndege, paka, moshi wa barabara. Maji yenyewe yakianguka kutoka juu ni masafi kuliko mengi unayonunua, uchafu yanaupata kwa bati. Kwa hivyo kazi ni kuondoa ule uchafu, na haihitaji digrii.

Maji ya kwanza unayamwaga. Baada ya siku za jua, mvua ya mwanzo inaosha paa. Kadiria lita moja kwa kila mita mraba, kwa hivyo paa la mita mraba 200 linamwaga kama drumu moja ya lita 200. Fundi anaweza kuweka paipu ya kusimama wima inayojaa kwanza na hayo maji machafu. Ikishajaa, yanayofuata ndiyo yanaingia kwa tangi. Kama huna paipu, una ndoo tu chini ya mabati, acha mvua inyeshe dakika 10 au 15 kabla hujaiweka.

Tangi lifunikwe. Mwanga ukiingia, linaota ukijani. Mbu wakiingia, wanataga, na watu wa Mombasa wanajua dengi ni nini. Weka neti mahali maji yanaingia na yanapotokea yakizidi. Mfereji wa tangi uwe juu kidogo ya sakafu yake ili tope libaki chini. Gata isafishwe kabla ya msimu, tangi lioshwe angalau mara moja kwa mwaka.

Ya kufua na choo, hapo umemaliza. Utaona hata sabuni inatoa povu haraka, maji ya mvua hayana chumvi. Ya kunywa, usiyanywe hivyo tu. Yaache yatulie, yachuje kwa kitambaa safi, kisha chemsha hadi yatokote kabisa, ama weka dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa na ungoje nusu saa. Huna gesi wala dawa? Jaza chupa ya plastiki inayoonyesha, isizidi lita 2, maji yawe meupe, ilaze kwenye jua kali saa 6. Kukiwa na mawingu, siku mbili. Halafu hifadhi kwa chombo chenye mfuniko, usichovye kikombe cha mkono mchafu.

Kuna mahali sitakuambia unywe. Ukikaa karibu na kiwanda cha kuyeyusha chuma ama betri, vumbi lake liko kwa paa lako, na kuchemsha hakuondoi risasi. Owino Uhuru kule Mombasa watu waliwekewa sumu ya risasi na kiwanda cha betri kuukuu, hadi kortini. Mabati yaliyopakwa rangi za zamani na paa za asbesto pia, kaa mbali. Maji hayo ni ya choo.

Lakini ukinitajia usafi, na mimi nikuulize: hayo unayonunua umeyapima? Unajua mtungi wa mkokoteni ulijazwa wapi na mara ya mwisho kuoshwa ni lini? Visima virefu vingi Nairobi na Bonde la Ufa vina floraidi nyingi, ile inayofanya meno ya watoto kuwa kahawia, na hiyo haitoki kwa kuchemsha. Ukichemsha sana unaizidisha. Maji ya mvua karibu hayana floraidi. Mtoto aliyelelewa kwa maji ya kisima kama hicho hatarudishiwa meno yake na landilodi.

Kwa hivyo tunataka nini? Kaunti isiruhusu watu wahamie jengo jipya la kupangisha kama halina gata, tangi na ile paipu ya maji ya kwanza. Iandikwe, na mkaguzi aje aangalie paa, si faili. Majengo ya zamani yapewe muda, na landilodi anayetimiza apunguziwe ada fulani ya kaunti, ili asipate kisingizio cha kutupandishia kodi.

Na sisi, wapangaji vijana, tuwache kuomba mmoja mmoja. Ombeni kama ploti nzima, kwa maandishi, mkiwa na hesabu: urefu wa paa mara upana, mara milimita 1000, toa asilimia 20. Anzeni na gata tu kama tangi ni ghali, drumu mnaweza kuchanga. Mpeleke hesabu hiyohiyo kwa MCA wenu, kura zenu anazijua. Na ukitafuta keja, tunauliza stima ni tokeni, tunauliza WiFi, tunauliza parking na hata gari hatuna. Uliza: "Gata iko?" Landilodi akiulizwa hivyo na watu 10 na nyumba bado iko wazi, ataelewa haraka kuliko nikiandika posti mia.

Tuma hii kwa grupu ya ploti yenu. Landilodi akiwa ndani, afadhali.