Mnunuzi wa Kwanza Mwaloni na Hatima ya Sangara wa Ziwa Victoria

Minofu ya sangara inayosafirishwa nje ya nchi kutoka Mwanza, Musoma na Bukoba hupitia mikono mingi kabla ya kumfikia mlaji. Mvuvi humuuzia mkusanyaji aliyepo mwaloni, mkusanyaji humfikishia wakala, wakala hupeleka mzigo kiwandani, na kiwanda humuuzia muagizaji wa ng'ambo ambaye naye husambaza madukani. Kwa miaka mingi mjadala wa kulinda rasilimali hii umeelekezwa zaidi kwa mtu wa mwanzo katika mnyororo huo, yaani mvuvi, pamoja na nyavu zake, makokoro yake na mtumbwi wake. Wale wanaomfuata, ambao ndio hupanga bei na kuamua samaki gani apokelewe, wametajwa kwa nadra.

Historia ya zao hili inaonesha kuwa wanunuzi wana nguvu kubwa ya kubadili mwenendo wa uvuvi, na kwamba nguvu hiyo hufika pale tu mnunuzi anapoamua kuuliza. Suala hili lina uzito kwa Taifa kwa kuwa takriban nusu ya Ziwa Victoria, lenye ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 68,800, ipo Tanzania, na maelfu ya kaya katika mikoa ya Mwanza, Mara, Kagera, Geita na Simiyu zinategemea ziwa hilo kwa kipato na kitoweo.

Funzo la miaka ya 1997 hadi 2000

Kati ya mwaka 1997 na 2000, samaki wa Ziwa Victoria walikumbana na vikwazo vilivyofuatana katika soko la Ulaya. Vikwazo vya awali vilitokana na hofu ya vimelea vya salmonela na mlipuko wa kipindupindu katika ukanda wa Afrika Mashariki. Mwaka 1999 ikaja hofu nzito zaidi, baada ya kuwepo taarifa za matumizi ya sumu katika uvuvi. Umoja wa Ulaya ulisitisha ununuzi, viwanda vikapunguza uzalishaji, na bei mwaloni ikashuka kwa wavuvi ambao wengi wao hawakuwahi kugusa sumu.

Hatua zilizofuata zilikuwa za haraka. Viwanda vilifanyiwa ukarabati na kuweka mifumo ya kutambua na kudhibiti vihatarishi katika kila hatua ya uchakataji. Serikali iliimarisha ukaguzi, na maabara ya uvuvi iliyopo Nyegezi, Mwanza, ikawa nguzo ya uthibitishaji wa ubora. Baadhi ya mialo iliboreshwa kwa kujengewa sakafu, maji safi na sehemu za kupokelea samaki. Matumizi ya barafu katika boti za kukusanyia samaki yakawa sharti la kawaida. Katika mwaka 2000 milango ya soko hilo ilifunguliwa tena.

Mabadiliko hayo, ambayo kwa kawaida yangechukua muongo mzima, yalikamilika ndani ya kipindi kifupi. Mnunuzi wa mwisho alidai jambo moja linalopimika, akaweka wazi kwamba bila jambo hilo hakuna biashara, na kila aliyekuwa katikati akalazimika kulipeleka dai hilo kwa aliye nyuma yake hadi likafika majini.

Ubora ulidaiwa, ukubwa wa samaki haukudaiwa

Dai hilo, hata hivyo, lilihusu afya ya mlaji. Halikuhusu wingi wa samaki waliobaki ziwani. Cheti cha afya kinathibitisha kwamba minofu ni salama kuliwa. Hakielezi kama samaki aliyetoa minofu hiyo alikuwa amefikia umri wa kuzaa. Ndiyo maana baada ya mwaka 2000 ziwa lilikuwa na viwanda vinavyokubalika kimataifa kwa usafi, huku sangara wachanga wakiendelea kuvuliwa kwa wingi.

Kanuni zipo. Nchi tatu zinazochangia ziwa hilo, Tanzania, Kenya na Uganda, zilianzisha Taasisi ya Uvuvi ya Ziwa Victoria kwa mkataba wa mwaka 1994, na kupitia taasisi hiyo zilikubaliana kuwa sangara mwenye urefu chini ya sentimita 50 asivuliwe wala kuchakatwa. Nchini Tanzania, Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 na Kanuni zake za mwaka 2009 zinatoa msingi wa kusimamia zana za uvuvi, leseni, usafirishaji na biashara ya samaki. Msingi wa kiwango cha sentimita 50 ni wa kibaiolojia: sangara anayevuliwa kabla ya kupevuka hajaacha kizazi, na uzito wake ni mdogo mno ukilinganishwa na ambao angeufikia kama angeachwa akue.

Pengo lililopo ni kwamba wajibu wa kuonesha uhalali wa samaki katika soko la nje haukugusa maji baridi kwa namna ulivyogusa bahari. Kuanzia tarehe 1 Januari, 2010, Umoja wa Ulaya ulianza kudai cheti cha uvuvi kinachoonesha chombo kilichovua, eneo na uhalali wa samaki wa baharini wanaoingia katika soko lake. Jodari na pweza wamo katika utaratibu huo. Samaki wa maji baridi, akiwemo sangara, hawamo.

Nguvu ya utaratibu huo imeonekana nchini Thailand. Mwezi Aprili, 2015, nchi hiyo, ambayo ni miongoni mwa wauzaji wakubwa wa mazao ya bahari duniani, ilipewa onyo rasmi na Umoja wa Ulaya kwamba isipodhibiti uvuvi haramu ingepoteza soko. Thailand ilitunga sheria mpya ya uvuvi, ikafunga mitambo ya kufuatilia mwenendo wa meli na kuweka vituo vya ukaguzi wa vyombo vinavyoingia na kutoka bandarini. Onyo hilo liliondolewa mwezi Januari, 2019. Kwa mara nyingine tena, dai la mnunuzi lilileta katika miaka michache yale ambayo doria peke yake ilishindwa kuyaleta.

Kwa sangara, kwa kuwa swali la ukubwa na uhalali haliulizwi katika bandari ya Ulaya, halina budi kuulizwa nyumbani, na mahali panapofaa zaidi ni mwaloni, samaki anapopimwa kwa mara ya kwanza.

Mkopo wa nyavu na mizani ya wakala

Sababu ya kuutazama mwalo inaonekana katika namna biashara yenyewe inavyoendeshwa. Wavuvi wengi hawana mtaji wa kutosha kununua injini, mafuta, barafu na nyavu kwa fedha taslimu. Hupewa vitu hivyo kwa mkopo na tajiri au wakala, kwa makubaliano kwamba samaki wote watauzwa kwake hadi deni liishe. Katika visiwa vilivyo mbali na nchi kavu, ambako boti ya kukusanya samaki huja ikiwa na barafu na mahitaji ya nyumbani, uhusiano huo huwa imara zaidi.

Maana yake ni kwamba katika hali nyingi anayechagua ukubwa wa tundu la wavu ni yule anayeulipia. Mvuvi aliyekopeshwa wavu wenye tundu dogo atavua samaki wadogo, na mkaguzi atakayemkamata atakuwa amemfikia mtu wa mwisho katika uamuzi uliofanywa na mwingine. Wakala akikopesha nyavu zenye tundu linaloruhusiwa kisheria, mabadiliko yanaanza kabla mtumbwi haujaondoka ufukweni. Vivyo hivyo mizani: wakala anayekataa samaki wa chini ya sentimita 50 siku ya kwanza, ya pili na ya tatu anampa mvuvi sababu ya kiuchumi ya kubadili zana, sababu ambayo faini ya mara moja kwa mwaka haiwezi kuitoa.

Serikali, kwa upande wake, ina nyenzo inayofika katika eneo hilo, nayo ni leseni. Mfanyabiashara wa samaki, mwenye kiwanda na msafirishaji wa nje wote huhitaji leseni na vibali. Kuyafanya masharti ya ukubwa wa samaki na kumbukumbu za chanzo chake kuwa sehemu inayokaguliwa wakati wa kuhuisha leseni kunauweka mzigo wa uthibitisho kwa mwenye mtaji, ambaye ana uwezo wa kuubeba. Kumbukumbu hizo hazihitaji teknolojia ya gharama kubwa. Jina la mwalo, namba ya usajili wa chombo, tarehe, na idadi ya samaki waliokataliwa vinatosha kuanzia.

Njia za pembeni: kayabo na mabondo

Ni muhimu pia kueleza mipaka ya hoja hii. Kiwanda kikikataa samaki mdogo, samaki huyo tayari ameshakufa, na mara nyingi hupata mnunuzi mwingine. Sangara wasiofika kiwandani hukaushwa kwa chumvi na kuwa kayabo, au hukaangwa na kubanikwa, na huuzwa katika masoko ya ndani na ya nchi jirani, ikiwemo Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Biashara hiyo ni halali na inalisha watu wengi, lakini pale ambapo haina kipimo inageuka kuwa mlango wa kutolea kile ambacho kiwanda kimekikataa. Kwa sababu hiyo, kipimo kinachotumika kwa mzigo wa kiwandani hakina budi kutumika pia kwa mzigo wa kayabo unaopakiwa kwenye lori.

Upande wa pili upo mfano wa soko linalovuta kinyume. Mabondo ya sangara yana thamani kubwa katika masoko ya Hong Kong na China, na kadiri bondo linavyokuwa kubwa ndivyo bei ya kilo inavyopanda. Bei hiyo humfanya samaki mkubwa mzazi atafutwe kwa bidii kuliko wote. Hivyo mnyororo wa ugavi hauna tabia ya asili ya kulinda ziwa. Huchochea chochote kinacholipwa. Kinachoufanya ulinde rasilimali ni masharti yanayowekwa juu yake na uhakika wa kuyasimamia.

Mfano wa pweza wa Pwani

Katika mwambao wa Bahari ya Hindi upo uzoefu unaoweza kutoa mwanga. Pweza huuzwa kwa uzito na husafirishwa kwenda Kusini mwa Ulaya, ambako wanunuzi huthamini zaidi wale wakubwa. Kanuni za uvuvi za Tanzania zinazuia kuvua na kuuza pweza mwenye uzito wa chini ya gramu 500. Kwa kuwa pweza hukua kwa kasi na kuishi muda mfupi, kufunga mwamba kwa miezi michache huwafanya waliopo waongezeke uzito kwa kiasi kinachoonekana siku ya kufungua.

Utaratibu huo ulijaribiwa katika kijiji cha Andavadoaka, Madagascar, mwaka 2004, na baadaye ukatumiwa na jamii za Afrika Mashariki, zikiwemo za Kisiwa Panza huko Pemba. Mafanikio yake yanategemea zaidi ya uamuzi wa wanakijiji. Mnunuzi anapokubali kutonunua pweza kutoka mwamba uliofungwa, na kufika na barafu ya kutosha siku ya kufungua, mvuvi aliyesubiri hupata malipo ya subira yake. Akija mchuuzi anayenunua pweza wa robo kilo kipindi cha kufungwa, juhudi za kijiji kizima huvunjwa na mtu mmoja mwenye mizani.

Nani alipe gharama

Hoja ya haki nayo haipaswi kuachwa kando. Mvuvi anayeacha wavu wa tundu dogo anapoteza kipato cha leo kwa ajili ya samaki wa mwakani, na hana uhakika kwamba jirani yake hatamvua samaki huyo. Mnyororo unaomtaka ajinyime bila kumwongezea bei humwachia mzigo aliye dhaifu kuliko wote. Ndiyo sababu mipango ya kuthibitisha uendelevu kwa nembo, kama ule wa Naturland uliowahi kuhusisha sangara wa Bukoba, hupimwa kwa kigezo kimoja cha msingi: kiasi gani cha bei ya ziada kinarudi mwaloni, iwe kwa bei ya kilo, kwa nyavu halali zinazokopeshwa kwa masharti nafuu, au kwa barafu inayopunguza samaki wanaoharibika.

Vikundi vya Usimamizi wa Rasilimali za Uvuvi, maarufu kama BMU, vina nafasi ya kipekee hapa. Vipo mwaloni kila siku, vinamfahamu kila mwenye mtumbwi na kila wakala, na vinaweza kusimamia upimaji mbele ya pande zote mbili. BMU inayoshirikishwa katika upimaji wa mzigo wa mnunuzi inakuwa na kazi yenye matokeo yanayoonekana, tofauti na ile inayoitwa tu siku ya kuchoma nyavu haramu.

Kwa mwananchi wa kawaida, sehemu yake katika mnyororo huu ni ndogo lakini ni ya kweli. Soko la ndani ni kubwa, na samaki anayekosa mnunuzi Kirumba au Feri hana sababu ya kuvuliwa. Mlaji anayekataa sangara mchanga, na kutoa taarifa kwa ofisa uvuvi wa kata au halmashauri anapoona shehena ya samaki wasioruhusiwa, analiuliza swali ambalo muagizaji wa Ulaya hajaliuliza. Uzoefu wa mwaka 1999 unaonesha kwamba swali la mnunuzi, likiulizwa kwa uthabiti, hufika hadi kwenye wavu.