Namba Yangu Siandiki

Waleti yangu ilichomolewa saa nne asubuhi, Mtaa wa Kongo, Kariakoo, pale mkokoteni wa mabelo ya mitumba ulipotusukuma wote ukutani. Mlikuwa na shilingi 42,000, kadi ya benki, leseni, kadi ya mpigakura na kitambulisho cha NIDA. Nilizililia zile 42,000 njia nzima. Mzee mmoja muuza vitenge, mteja wangu wa miaka mingi, alinikatiza: "Mwanangu, hela imekwenda, iache. Kadi umeshazifunga?"

Sikuwa nimefunga hata moja.

Basi sikiliza, kwa sababu saa ya kwanza ndiyo yenye thamani. Azima simu, ipigie benki yako, kadi ifungwe kabla hujamaliza kumsimulia mtu. Kama na simu imekwenda, laini ifungwe pia. Nenda polisi ukachukue taarifa ya upotevu. Siku hizi inaombwa hata mtandaoni. Usiione ni karatasi ya urasimu tu. Ndiyo itakayoonyesha kuwa tangu tarehe fulani kadi ile haikuwa mkononi mwako, siku mtu atakapotenda uovu kwa jina lako.

Kisha badili namba ya siri ya pesa za simu, hata kama simu unayo mfukoni. Namba ya NIDA ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku uliyozaliwa, zimepangwa waziwazi. Sasa fikiria ni Watanzania wangapi wameufanya mwaka wa kuzaliwa kuwa namba ya siri. Nimesimama kwenye foleni ya wakala karibu na Mnazi Mmoja nikamsikia mama mmoja akimtajia kijana wa dirishani namba yake kwa sauti: kumi na tisa sabini na nne. Aliyeokota kadi ya mama huyo hahitaji ujanja wowote.

Na aliye na kadi yako atakupigia. Atasema ameokota waleti, yeye ni mtu wa dini, anaomba nauli tu akuletee. Au atasema umetumiwa namba kwenye simu, umsomee. Usimsomee. Usitume nauli. Mwenye nia njema ataiacha kituo cha polisi au kwa serikali ya mtaa, nawe utaikuta. Ujumbe wa kitapeli upeleke 15040 pamoja na namba iliyoutuma.

Hayo nimejifunza kwa kuchelewa. Wiki tatu baada ya kuibiwa nikapiga *106#, huduma inayokuonyesha laini zilizosajiliwa kwa namba yako ya NIDA. Mbili sikuzijua. Nikakaa kitandani na simu mkononi, jasho likinitoka. Laini mbili zenye jina langu zilikuwa mikononi mwa mtu nisiyemjua. Akiandika "ile hela itume kwa namba hii", polisi wakiifuata namba hiyo watafika kwangu, watamkuta mama watoto anapika.

Nilimlaani kibaka wa Mtaa wa Kongo siku mbili nzima. Kisha akili ikanirudia: kibaka hakuchukua kidole changu. Tangu Mei 2019 laini inasajiliwa kwa alama za vidole, na waliokuwa hawajajisajili walianza kuzimiwa laini Januari 2020. Kitambulisho peke yake hakitoshi. Kidole changu nilikitoa mimi mwenyewe, chini ya mwamvuli wa wakala, siku aliponiambia, "Haijasoma vizuri, bro, rudia." Nikarudia. Akasema tena, nikarudia tena. Huo ni mchezo unaojulikana mji mzima: kila ukirudia, laini nyingine inazaliwa kwa jina lako. Nilikuwa nimeibiwa kabla ya kuibiwa, mchana kweupe, na nikasema asante.

Hapo ndipo hasira yangu ilipohama. Mji huu umetufundisha kushika mfuko wa nyuma tukipita Kariakoo, kuvaa begi kifuani, kumtazama kwa jicho baya kila kijana anayetugusa. Lakini kitambulisho kilekile tunachokificha kwa kibaka tunakigawa siku nzima kwa yeyote mwenye meza na kalamu. Mlinzi wa ghorofa anataka namba ya NIDA na ya simu kwenye kaunta buku. Dalali wa chumba anataka kopi. Mwajiri unayempelekea barua tu, kazi hujapata, anataka kopi. Gesti wanaandika mpaka kabila. Na kule steshenari, kopi iliyotoka na mstari mweusi inatupwa kwenye boksi chini ya mashine, sura yako ikitazama juu.

Boksi lile huenda wapi? Nimewahi kununua karanga za shilingi mia mbili pale Gerezani, nikakunjua karatasi, nikakuta fomu ya mtu: jina, namba ya simu, saini, tarehe ya kuzaliwa. Binti wa watu, mzaliwa wa 1998. Niliichana vipandevipande palepale, chumvi bado vidoleni.

Sheria ipo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ni ya mwaka 2022, ilianza kutumika Mei 2023, na ina Tume yake inayopokea malalamiko. Inasema taarifa zikusanywe kwa sababu mahususi, zisizidi zinazohitajika, na zitunzwe salama. Nataka mwenye ghorofa yeyote wa Mtaa wa Aggrey au Livingstone anieleze kwa sheria hiyo: kaunta buku lililolazwa wazi kwenye meza ya getini, ambamo naweza kusoma namba za watu thelathini walionitangulia, limetunzwa salama namna gani? Likijaa linakwenda wapi?

Wataniambia usalama. Hapana! Mlinzi hailinganishi namba ninayoandika na kitu chochote. Mwizi ataandika tarakimu za kubuni na kupita. Anayeandika ukweli ni mimi na wewe, watu wasio na hatia, na ndio ambao taarifa zao zinabaki pale mezani.

Majirani zetu wameshaonja matunda ya mtindo huu. Juni 2021 Wakenya walipopewa njia ya kukagua uanachama wao wa vyama kwenye mtandao wa serikali, wengi wakajikuta wanachama wa vyama ambavyo hawakujiunga navyo. Malalamiko yakaenda hadi kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data. Hawakuwa wamepoteza waleti hata moja. Majina na namba zao za kitambulisho vilikuwa vimeshazagaa.

Kwa hiyo nadai. Mawakala wanaowarudisha watu vidole bila sababu wafutwe kazi na wafikishwe mahakamani. Kampuni zinazowalipa kwa idadi ya laini zijibu pamoja nao. Tume ishuke Kariakoo kwa miguu, ipite geti baada ya geti, ifunge yale madaftari. Na kila ofisi inayodai kopi iseme ni ya nini, na itaichoma lini.

Nawe usingoje. Piga *106# leo, kisha uipige tena mwezi ujao, na laini usiyoijua iripoti kwenye duka la mtandao husika, na kitambulisho mkononi, ifutwe. Kopi ukilazimika kuitoa, ichore mistari miwili katikati, uandike kati yake ni ya kazi gani na tarehe. Pale steshenari simama mpaka iliyoharibika iwe mkononi mwako. Wakala akisema "rudia", muulize kwa sauti kwa nini, watu wa foleni wasikie, kisha piga *106# palepale mbele yake.

Juzi nilirudi kwa yule mzee wa vitenge, ghorofa ya tatu. Mlinzi akanisogezea daftari. Nikaandika jina langu na duka ninalokwenda. Akaweka kidole kwenye safu ya NIDA.

"Namba siandiki, kaka," nikamwambia. "Mpigie mzee ashuke anichukue."

Akanitazama kwa muda. Nyuma yangu walikuwa wamesimama watu watano, na dada mmoja aliyekuwa ameshaitoa kadi yake akairudisha kwenye pochi.