Kabla hujanunua mashine ya kukausha hewa, pima ukuta wa stoo yako

Wapambanaji wenzangu, mvua zikianza huku Sumbawanga kila mtu anaulizia mashine ya kukausha hewa. Mi naona wengi wetu tunataka kutupa hela.

Sisemi kwa wivu. Machi mwaka jana nilituma pochi Mpanda kwa basi. Dada aliyenunua akanitumia picha ya ndani: madoa meupe ya ukungu, na harufu akaniambia haivumiliki. Nilimrudishia hela yote na nauli ya mzigo. Mpaka leo hajanunua tena kwangu. Siku ile ningekuwa na hela ningenunua mashine hapo hapo, bahati nzuri sikuwa nayo.

Mashine nyingi zinafanya kazi kama friji. Zinavuta hewa, zinaipitisha kwenye koili ya baridi, mvuke unageuka maji na kudondokea kwenye tangi. Sasa na baridi yetu ya Ufipa, chumba kikishuka chini ya nyuzi 15 hivi, inavuta maji kidogo sana. Halafu umeme: mashine ya wati 300 ukiiwasha saa 8 kwa siku ni uniti 2.4, yaani 72 kwa mwezi. Wewe uliye kwenye kundi la wateja wadogo wasiozidi uniti 75, utapikia nini na utachaji simu na nini?

Anza na ukuta. Bandika kipande cha nailoni ukutani, ziba pande zote nne kwa selotepu, acha siku mbili. Maji yakitokea upande wa ukutani, ukuta wenyewe unanyonya maji, na mashine itakausha bila mwisho. Yakitokea upande wa chumbani, shida ni hewa.

Kwangu ilikuwa ukuta. Maji ya bati yalikuwa yanaanguka pale pale nyuma ya stoo. Nikaweka gata, nikachimba mfereji, mzigo nikaupandisha kwenye chaga na kuuachanisha na ukuta. Jua likitoka nafungua madirisha. Vile vipakiti vya chembechembe vya kwenye maboksi ya viatu navyo vinasaidia, ila ndani ya boksi lililofungwa tu. Na kabla ya kutuma, kila pochi naifungua, nainusa, naipiga picha ya ndani.

Ila jiko la mkaa kwenye stoo iliyofungwa, jamani acheni. Hewa yake ya sumu haina harufu, na wengi stoo yetu ndiyo chumba tunacholala.

Mwenye chumba kinachofungika vizuri, nailoni ikamwonyesha kuwa shida ni hewa, na ana mzigo wa ngozi wa bei, huyo anunue. Akiiwasha afunge madirisha, la sivyo atakuwa anakausha Sumbawanga nzima.